Maisha ya Padre William Jones wa Rabai

Wanachama na wazee wetu, baada ya hesabu za fedha na habari za kazi ya mwaka, ni vema tutulie kidogo tusome maisha ya mtu mmoja aliyetutangulia. Mtu tuliyemchagua safari hii si wa Turkana, na kazi yake yote aliifanya mbali sana na Lodwar na Kakuma. Walakini maisha yake yanahusu jambo ambalo kila mmoja wetu analijua. Tangu kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, na tangu makazi ya Kalobeyei yalipoanza kupokea watu mwaka 2016, wenyeji na wageni wameishi hapa pamoja, wakichota maji mamoja na kukata kuni katika pori moja. Wageni hujiuliza kama wataiona tena nchi yao, na wakirudi watamkuta nani. Wenyeji nao hujiuliza mpaka wao ni upi, mwaka wa ukame unapokuja na watu bado wanafika. Padre William Henry Jones alikutana na maswali hayo yote mawili, wala hakuyajibu kwa maneno.

Alizaliwa katika kabila la Wayao, katika nchi zilizo kati ya Ziwa Nyasa na mto Ruvuma. Jina alilopewa na wazazi wake silo hili tulijualo. Katika miaka ile biashara ya watumwa ilikuwa imezienea nchi zile zote za kusini. Vijiji vilivamiwa, na watoto walikuwa mali nyepesi kuchukua na nyepesi kuuza. Mtoto huyu alitekwa, akapelekwa pwani, akatiwa katika jahazi. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikipita baharini zikiwinda majahazi ya watumwa, na walionusurika kwa njia hiyo aghalabu hawakurudishwa kwao, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwapeleka wala njia salama ya kupita. Wengi walipelekwa Bara Hindi, mpaka Bombay. Basi mtoto wa Kiyao akaokolewa na utumwa, lakini akaachwa upande wa pili wa bahari.

Huko Bara Hindi alilelewa Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, ambako Waingereza wa Chama cha Misheni, yaani C.M.S., walikuwa na nyumba ya watoto wa Kiafrika waliookolewa. Watoto hao walifundishwa kusoma na kuandika, lugha ya Kiingereza na lugha za Kihindi, na kazi za mikono kama uhunzi na useremala. Wengine walikua wakafanya kazi katika reli na katika viwanda vya Bombay. Maisha yao hayakuwa mabaya yakilinganishwa na yale waliyoponea. Kijana mwenye ufundi na Kiingereza aliweza kupata mshahara katika mji mkubwa ule, akaoa, akajenga nyumba, akazeeka bila kuulizwa na mtu juu ya Afrika. Jones alikuwa na nafasi hiyo mkononi mwake, naye aliiacha.

Mwaka 1864 waliitwa watu wa kurudi Afrika ya Mashariki. Wakati ule Johannes Rebmann, Mjerumani aliyefika Rabai mwaka 1846 kumsaidia Ludwig Krapf, alikuwa amebaki na waumini wachache mno katika vilima vile vilivyo nyuma ya Mombasa, na nguvu zake zilikuwa zikipungua. Jones akakubali kwenda. Hakwenda peke yake: alikwenda na mkewe Jemima, naye pia Mwafrika aliyelelewa katika nyumba ya waliookolewa. Pamoja nao walikuwamo Ishmael Semler na George David, ambao majina yao yamefungamana na jina la Jones mpaka leo katika habari za Rabai na Kisauni.

Hapo yafaa tusimame kidogo, maana wengi hudhani kwamba kurudi ni kufika nyumbani. Jones aliporudi Afrika hakurudi kwa Wayao. Nchi yake ilikuwa mbali sana upande wa kusini, na njia za kwenda kule zilikuwa bado mikononi mwa wafanya biashara ya watu. Alishushwa katika nchi ya Warabai, wenye lugha yao, mila zao na kaya yao ya wazee. Walimwona mtu mweusi kama wao, lakini amevaa suruali na koti, ana jina la Kizungu, na anatoka Bara Hindi. Hawakuwa na ujamaa wa kumhesabia. Kwa upande wa pili, Wazungu waliomwajiri walitazamia utii mwingi na mshahara mdogo. Watu wa Bombay walipodai heshima na malipo yanayolingana na kazi yao, waliambiwa kuwa wana kiburi. Kwa miaka mingi Jones na wenzake waliishi katikati ya pande hizo mbili, wala hakuna upande uliowahesabu kuwa wake kabisa.

Basi miaka ikapita. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mwaka 1875 William Salter Price, yule aliyewahi kuwalea watoto wa Nasik, alianzisha kijiji cha watumwa waliookolewa huko Kisauni, mkabala wa kisiwa cha Mombasa. Kijiji hicho kikaitwa Freretown, kwa jina la Sir Bartle Frere aliyeufuatilia mkataba. Watu wa Bombay wapatao mia na hamsini walikuja kuwa walimu, mafundi na wasimamizi wake. Kengele iliyokuwa ikipigwa kijijini bado inakumbukwa, na mahali pake panaitwa Kengeleni hata leo.

Walakini hapana budi tufahamu sheria ilivyokuwa. Mkataba ulikataza kuvusha watumwa baharini, na mwaka 1876 Sultani akakataza pia misafara ya watumwa ya nchi kavu. Utumwa wenyewe haukukatazwa. Mtu aliyekuwa mtumwa katika shamba la Mombasa, Takaungu au Malindi alibaki mali ya bwana wake kwa sheria. Aliyeletwa Freretown na manowari alikuwa huru. Aliyetoroka shamba kwa miguu yake mwenyewe usiku alikuwa mtoro, na mwenye kumficha alikuwa kama mwizi wa mali ya watu.

Watoro wakaanza kuijia Rabai. Kwanza walikuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wanaume kwa wanawake, wengine na watoto mgongoni. Viongozi wa misheni walikuwa wamewaahidi wakubwa wa pwani kwamba hawatapokea watoro, na mara kwa mara walitoa amri wafukuzwe. Ahadi hiyo haikutolewa kwa woga tu. Watu wa pwani waliapa zaidi ya mara moja kuiteketeza misheni kwa sababu ya watoro, na mtu mwenye kijiji cha wanawake na watoto hawezi kudharau maneno kama hayo. Mwaka 1883 kijiji cha Fuladoyo, ambako Wagiriama Wakristo waliishi pamoja na watoro, kilishambuliwa, na kiongozi wake David Koi akauawa. Kila aliyekuwa Rabai alijua maana ya habari hiyo.

Lakini waliokuwa wakikaa na watu wa Rabai siku kwa siku hawakuwa viongozi wa Kizungu, ambao walikuja na kuondoka, wakiugua na kwenda likizo. Walikuwa ni George David, na baada ya kufariki kwake mwaka 1884, William Jones. Ni wao waliokuwa mlangoni wakati mtoro alipofika. Na wengi wa watoro hao walikuwa ni watu gani? Walikuwa ni Wayao, Wanyasa, Wamakua, watu wa nchi zile zile za kusini alikotoka Jones mwenyewe, waliochukuliwa kwa njia ile ile aliyochukuliwa yeye, ila jahazi lao halikukamatwa. Jones hakupata kurudi kwao. Kwao walimjia Rabai, wakiwa na njaa na makovu ya mijeledi. Ndipo ilipoonekana kwa nini alivuka bahari.

Walipokewa. Hawakuandikwa kila mara katika habari zilizopelekwa Ulaya, lakini walipewa mahali pa kujenga na kiunga cha kulima. Kijiji kikapanuka hata mashamba ya watoro yakavuka mipaka ya misheni. Mwaka 1884 njaa kubwa ikaipiga nchi yote ya nyuma ya pwani. Wamijikenda wengine waliweka rehani watoto wao kwa nafaka, na wengine wakajitia wenyewe utumwani ili wale. Chakula cha Rabai hakikuwatosha hata waliokuwapo, na watu walikufa. Hata hivyo watoro hawakuacha kuja, wala Rabai haikugeuka kuwa kijiji cha kufunga malango. Wazee wetu waliopitia miaka ya ukame Turkana hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Kumpokea mgeni wakati ghala limejaa ni adabu njema tu. Ghala likiwa tupu, kila kibaba anachopewa mgeni kimetoka katika chungu cha mtoto wa mwenyeji.

Mwezi wa Januari mwaka 1885 alifika Askofu James Hannington, wa kwanza wa nchi hizi. Tarehe 31 Mei mwaka ule ule aliwabariki Jones na Semler kuwa mashemasi. Hawa ndio waliotangulia Waafrika wenzao katika daraja hiyo kwenye nchi iitwayo leo Kenya. Kisha askofu akakata shauri kwenda Uganda kwa njia fupi ya Umasaini, akamchukua Jones awe mwenzake wa safari. Mwezi wa Julai msafara wa watu wapatao mia mbili ukaondoka Rabai. Jones alikuwa shemasi wa miezi miwili tu, na nyuma yake aliacha jamaa yake na kijiji chenye watoro wengi.

Walipita Taita, Ukambani, Ukikuyu na Umasaini, wakafika Kwa Sundu katika nchi ya Wanga, mahali paitwapo siku hizi Mumias. Tarehe 12 Oktoba askofu akaendelea na watu hamsini, akamwacha Jones na msafara uliobaki, kiasi cha watu mia na hamsini. Askofu hakujua, au hakuyapa uzito, mambo ya hofu ya Buganda: kwamba adui angeingilia upande wa mashariki. Alikamatwa Busoga, na kwa amri ya Kabaka Mwanga akauawa tarehe 29 Oktoba 1885 pamoja na karibu watu wake wote. Wachache mno walinusurika.

Habari zilimfikia Jones tarehe 8 Novemba. Tuifikirie hali yake. Alikuwa mbali na pwani, katika nchi ya kigeni, na watu mia na hamsini wenye hofu, wengine wakiwalilia ndugu zao waliofuatana na askofu. Hakuwa na mkubwa wa kumwuliza. Kama angeondoka mara moja, angewaacha nyuma waliojeruhiwa na waliopotea. Kama angekaa mno, akiba ingekwisha, na pengine askari wa Buganda wangewafuata. Alingoja karibu mwezi mmoja, akiwatafutia watu chakula na kupokea kila habari, mpaka alipokuwa na hakika kwamba hapana tena wa kumngojea. Mwanzoni mwa Desemba akageuza msafara, akarudi nao kwa njia ile ile, kupitia Umasaini na Ukambani.

Tarehe 4 Februari 1886 walitokea Rabai. Mbele yao waliinua bendera ya samawati yenye neno moja la Kiebrania la maombolezo kwa herufi nyeupe, Ikabodi, ili walio kijijini wajue kabla ya kuambiwa. Wanawake walitoka mbio kuwatafuta waume zao katika mstari. Baadhi yao waliwaona, na wengine walitafuta mpaka mwisho wa mstari bila kumwona mtu. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya juu ya safari ile huishia Busoga, kwenye kifo cha askofu. Watu wa Rabai waliikumbuka pia safari ya kurudi, na mtu aliyewarudishia waume na wana waliobaki.

Alirudia kazi yake, na matata ya watoro yakaiva. Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza, ile Imperial British East Africa Company, ilikuja kuanza utawala wake Mombasa. Mabwana wa watumwa walikuwa wamekasirika sana. Walidai watu wao, na vita ilikuwa karibu kuzuka. Ilipohesabiwa kweli, ilionekana kwamba katika vijiji vya misheni walikuwamo watoro zaidi ya 1,400, na walio wengi walikuwa Rabai. Kwa viongozi wa misheni ilikuwa aibu, kwa kuwa kwa miaka mingi walikuwa wamesema watoro hawapokelewi. Kwa Jones hapakuwa na la kushangaza. Aliwajua watu hao kwa majina yao.

George Mackenzie, aliyekuwa mkuu wa kampuni pale, akaona njia ya kuepusha damu. Mabwana wakubali kulipwa fedha, na watoro wapewe hati za uhuru. Maelfu ya pauni zikakusanywa, na tarehe 1 Januari 1889 hati zikatolewa Rabai. Watu waliokuja usiku kwa kunyatia wakaitwa mchana mbele ya wakubwa, wakapokea karatasi ambayo hakuna bwana aliyeweza kuipinga.

Siku hiyo ilikuwa ya furaha, lakini tusiseme kwamba haki yote ilitimizwa. Fedha walilipwa waliowamiliki watu. Wao waliofanya kazi miaka mingi bila ujira hawakulipwa kitu. Mapatano hayakuwagusa watumwa waliokuwa bado mashambani. Hao waliendelea kungoja, na utumwa haukufutwa katika mwambao wa Kenya mpaka mwaka 1907. Tena hati zile zisingepata wa kupewa kama watu hawangekuwa wamekwisha kupokewa, kulishwa na kukaa miaka yote ile pasipo hati. Kampuni ililipa katika siku chache. Watu wa Rabai walikuwa wamelipa kwa muda mrefu, kwa mahindi, kwa muhogo na kwa usiku wa kukesha.

Katika miaka ya 1890 Jones alipewa daraja ya ukasisi, na ndivyo alivyokuja kuitwa Padre Jones wa Rabai. Ugomvi wa heshima na mishahara kati ya watu wa Bombay na viongozi wao haukwisha, naye hakuwa mtu wa kunyamaza akiona mwenzake ameonewa. Wazungu waliandika mengi juu ya ukaidi wa watu hao. Sisi tunaosoma leo twaweza kuuita kwa jina lingine, maana mtu aliyekataa kumfukuza mtoro mlangoni haikuwa rahisi kumlazimisha ajidharau mwenyewe.

Wazao wa waliookolewa na wa watoro wamekuwa Wakenya, wakatoa walimu, makarani, wachungaji na waandishi. James Juma Mbotela, aliyekuwa wa watu wa Freretown, aliandika habari zao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934 na kusomwa mashuleni kwa miaka mingi. Kanisa la kale la Rabai lingali limesimama, na watu huenda kulitazama.

Wanachama wenzetu, katika Kalobeyei na Kakuma wako watakaorudi kwao Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi au Uhabeshi. Wako pia Waturkana waliosoma na kufanya kazi katika miji ya mbali, ambao hurudi na wake zao na watoto wao kuwasaidia jamaa. Maisha ya Padre Jones yanawaonya wote kwamba huenda wasiikute nchi kama walivyoiacha, na wenyeji huenda wakawaona ni wageni wenye majivuno. Yanawafundisha vilevile wasivunjike moyo. Jones hakuiona tena nchi ya Wayao, lakini alifanya Rabai kuwa nyumbani kwa watu waliokuwa hawana pa kwenda, na kwa kufanya hivyo yeye na Jemima wakapata kwao.

Kwa wazee wetu tunalo ombi moja. Katika mkutano utakaofuata, chini ya mti, mtaombwa tena kuamua ni majina gani yaandikwe katika daftari la msaada wa chama, na yapi yaachwe kwa sababu watu hao wamefika juzi, au hawana karatasi, au hawana ndugu wa kuwasemea. Fedha ni chache, na wenye haki ya kwanza ni wengi. Jambo hilo twalijua. Kabla daftari halijafungwa, tafadhalini mkumbukeni mtu wa Rabai aliyekuwa akiamka usiku kufungua mlango, katika mwaka ambao kijiji chake mwenyewe kilikuwa na njaa.